Mashine ya kwanza tunapewa pesa, ya pili anatoa nani?

Mwaka tuliofunga kile kikaushio cha karafuu Mtambwe mchumo ulikuwa mkubwa, mikarafuu imezaa mpaka matawi yanakatika, na mvua za vuli nazo zikashuka mwezi wa kumi na moja kama kawaida yake, na anayeijua Pemba anajua hali inavyokuwa hapo, karafuu ikishachumwa na kuchambuliwa makonyo, yani vijiti vyake, haina subira, inataka jua siku nne tano mfululizo, wingu likijitokeza tu utaona watoto na mama zao wanakimbilia majamvi, jioni zinaingizwa ndani asubuhi zinatolewa tena, na karafuu iliyolala na maji inageuka rangi, daraja linashuka na bei inalifuata daraja huko huko chini. Sasa sisi tulikuja na kibanda cha nailoni, bati lililopakwa rangi nyeusi na feni ya sola, na kikafanya kazi. Sisemi kilikuwa kizuri sana, nasema kilifanya kazi, mvua inapiga juu na karafuu ndani inakauka.

Kasoro zilijitokeza wiki ya kwanza tu. Waya wa trei ulianza kushika kutu. Mlango tuliupima kwa mtu anayeingia mikono mitupu kumbe mama anaingia na pakacha kichwani. Betri haikufika alfajiri, na usiku ndio karafuu inaporudisha unyevu. Hizi si kasoro za kuonea haya, uhandisi ndo huo, unajenga, unaona ulipokosea, unajenga tena. Tatizo ni kwamba Disemba 31 mradi ulifungwa. Ripoti ikaandikwa kwamba kikaushio kimejengwa na kimejaribiwa, na ni kweli kilijengwa na kilijaribiwa, picha zikatiwa, hesabu zikafungwa, gari likarudi ofisini. Mzee mwenye shamba akaniuliza, "Sasa mwanangu, mutarudi lini kuutanua huu mlango?" Nikamjibu, "Inshallah mzee wangu, mwakani." Mwakani ilipita, na nyengine ikapita, mlango haujatanuliwa, na kila mchumo ukianza nalikumbuka lile swali lake.

Nimeanza na hili kwa sababu kila tukikaa kuzungumza habari za utafiti na teknolojia Zanzibar mazungumzo yanaishia pahala pale pale, pesa hakuna. Pesa ni kidogo kweli, sibishi, lakini mimi nnavyoona ugonjwa wetu khasa ni mwengine, pesa iliyopo, iwe ya serikali au ya mfadhili, karibu yote ni pesa ya kwanza. Ya kujengea kitu cha kwanza, kuitia semina ya uzinduzi, kununulia laptopu. Pesa ya pili, yani ile ya kurekebisha, ya kukijaribu kitu misimu miwili mitatu mikononi mwa mtu ambae hakuwa kwenye timu, ya kumfundisha fundi wa Chake au wa Mwanakwerekwe akitengeneze bila ya kutupigia simu, hiyo haimo. Na haimo kwa sababu mipango mikakati yetu haikuiweka, hata kwa jina haitajwi.

Nimesoma mipango mikakati mingi, mengine nimeshiriki kuiandika, na ntasema ukweli kama nilivouona. Tunakodi ukumbi siku tatu, tunagawiwa makundi, kila kundi linapewa karatasi kubwa na kalamu za rangi, tunaorodhesha nguvu zetu na udhaifu wetu, kisha tunatoka na malengo kumi na mawili na kila lengo linaanza na kuimarisha, kuendeleza au kujenga uwezo. Baadae linakuja bangokitita, yani jadweli la utekelezaji, safu ya viashiria, safu ya nani anahusika, na safu ya mwisho ya pesa inaandikwa "serikali na washirika wa maendeleo". Hapo ndipo mpango unapovunjika, mana tushakubali kwamba pesa itatoka kwa mtu ambae hakuwepo ukumbini na hatujui anataka nini. Mfadhili akija na tangazo la mabadiliko ya tabianchi tunaandika tabianchi, akija na la wanawake na vijana tunaandika hilo, sa hivi ni akili mnemba basi kila andiko la mradi lina akili mnemba. Kikaushio changu mimi nimekiandikia majina matatu tofauti, na mara zote tatu niliomba pesa ya kukijenga upya kutoka mwanzo, kwa sababu hakuna tangazo hata moja lililosema njoo na kitu kilichokwisha jengwa tukusaidie kukirekebisha.

Wenzetu hili wamelifikiria, na ni vizuri tukaangalia walivofanya bila ya kuona kuwa kila cha kwao kinatufaa. Marekani wana shirika la serikali linaloitwa National Science Foundation, NSF kwa ufupi, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1950 na kazi yake kubwa ni kugawa ruzuku za utafiti. Watu wengi hawajui kwamba uhandisi mule ndani ulichukua muda mrefu kupata kiti chake. Mwanzo shirika lilikuwa la sayansi ya msingi, sheria ikarekebishwa 1968 ndo likaruhusiwa wazi wazi kugharamia utafiti wa matumizi, kuanzia 1971 hadi 1977 wakawa na programu ya utafiti unaojibu mahitaji ya nchi, na kurugenzi kamili ya uhandisi ilikuja 1981. Miaka thalathini na kitu. Nalitaja hili kwa wale wanaosema kwetu tumechelewa, hatujachelewa, ila tukianza leo tuanze na yale waliyoyaona wao baada ya miaka thalathini.

Na walichokiona ni hiki. Mwaka 1985 walianzisha vituo vya utafiti wa uhandisi kwenye vyuo vikuu, na kituo kikichaguliwa kinaweza kugharamiwa mpaka miaka 10. Kumi, si mitatu. Lakini hukabidhiwi mkoba ukaenda nao, mwaka wa 3 wanakuja watu kukukagua, mwaka wa 6 wanakuja tena, ukishindwa unakatiwa pesa, na tokea siku ya kwanza unajua kwamba baada ya mwaka wa 10 utasimama kwa miguu yako mwenyewe. Mtu akipewa muda wa namna hiyo hakimbilii kuandika ripoti ya mafanikio mwaka wa kwanza, anapata nafasi ya kukosea na kurekebisha, na viwanda vinakaa nae meza moja tokea mwanzo kwa sababu wanajua atakuwepo.

Jengine ni ruzuku kwa kampuni ndogo. Hii ilianzia mule mule NSF mwaka 1977, na 1982 ikawekewa sheria kwamba idara kubwa za serikali yao zenye bajeti ya utafiti lazma zitenge sehemu kwa kampuni ndogo. Siri yake imo kwenye hatua. Hatua ya kwanza unapewa pesa kidogo na muda mfupi uoneshe wazo lako linawezekana, halafu waliofaulu ya kwanza, na hao tu, wanaomba hatua ya pili ambayo pesa yake ni kubwa zaidi na muda wake mrefu zaidi. Kampuni ya Qualcomm, ambayo chipu zake zimo kwenye simu nyingi tunazozishika, ilipita njia hii ilipokuwa bado changa. Utaona hapo pesa ya pili si bahati wala si mfadhili mpya, imo ndani ya mpango wenyewe, na ni kubwa kuliko ya kwanza! Sisi tumezigeuza, ya kwanza kubwa na ya pili hakuna.

Na namna ya kuamua nani apewe. Andiko likifika linapelekwa kwa wasomaji wa nje wenye fani hiyo hiyo, na kwa miaka mingi kanuni ilikuwa wasipungue watatu, wanalipima kwa mambo mawili, ubora wa kielimu wa wazo lenyewe na faida yake kwa jamii pana, kisha ofisa wa programu anapendekeza. Baadhi ya maofisa wa programu si wa kudumu, wanaazimwa kutoka vyuoni kwa mwaka mmoja mpaka minne wakimaliza wanarudi kufundisha, hivo anaekusoma leo kesho yumo maabara kama wewe. Kuhusu mpango mkakati, sheria yao ya mwaka 1993 inaitaka kila wakala wa serikali iandike mpango mkakati, iandike na mpango wa utekelezaji wa kila mwaka, na iripoti imefika wapi. Kwa hiyo mpango na bajeti vinakwenda pamoja, huwezi kuandika lengo kisha safu ya pesa ukamuachia mgeni.

Siwasifii kupita kiasi. Mwaka 2025 zaidi ya ruzuku 1,000 za NSF zilisitishwa katikati ya kazi baada ya serikali kubadilika, na bajeti iliyopendekezwa kwa mwaka unaofuata ilikuwa inalikata shirika zaidi ya nusu. Watu waliokuwa na wanafunzi na mashine zinazokwenda waliamka na barua. Mwaka huo huo USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa, na huku kwetu kuna miradi ilisimama siku ile ile. Hilo linanipa mimi hoja zaidi, ikiwa hata wao mfuko wa serikali unaweza kutikiswa namna ile, sisi tunaotegemea mfuko wa serikali ya mtu mwengine tumekaa juu ya tawi la nani?

Turudi nyumbani. Zanzibar tuna taasisi ya utafiti wa kilimo, ZARI, ipo Kizimbani, tuna ya uvuvi na rasilimali za bahari, ZAFIRI, tuna ya afya, ZAHRI, tuna na ya mifugo. Ya uhandisi hatuna. Uhandisi tumewaachia KIST, taasisi ya sayansi na teknolojia ya Karume pale Mbweni, na SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ambao kazi yao ya kwanza ni kufundisha, mwalimu ana vipindi, ana mitihani, ana wanafunzi wa mafunzo kazini wa kuwatembelea, utafiti anaufanya jioni akipata nguvu. Bara wenzetu wana TIRDO ya 1979, TEMDO ya 1980 na CAMARTEC ya 1981, mashirika ya serikali yaliyoundwa khasa kubuni mashine na teknolojia za viwandani na vijijini. Nao wana shida zao za bajeti, lakini jambo moja la CAMARTEC lazma nilitaje, ule mtambo wa biogesi walioufanyia kazi tokea miaka ya 80 pamoja na Wajerumani haukusimama kwenye mtambo mmoja wa maonesho, walijenga, wakasahihisha mchoro, wakafundisha mafundi waashi, wakajenga tena, na leo ukenda vijijini kaskazini mwa Tanzania unaikuta. Kilichowafikisha pale ni kurudia, na kurudia kunataka mtu anaelipwa mshahara mwaka wa tano akifanya kazi ile ile.

Kuna watakaosema utafiti ni jambo la Muungano, COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ipo tokea 1986, mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, MTUSATE, upo tokea 1995, tukaombe huko. Ni kweli utafiti umo kwenye orodha ya mambo ya Muungano na ni kweli Mzanzibari ana haki ya kuomba, na tuombe kwa nguvu zote. Lakini orodha hiyo haikutuzuia kuanzisha ZARI na ZAHRI, kwa hiyo haitotuzuia kuwa na mfuko wetu mdogo wa uhandisi. Na mfuko wa taifa zima unapoangalia nchi yote, mlango wa kikaushio Mtambwe hauonekani kutoka kule, hilo si kosa la mtu, ni masafa tu.

Sasa naomba mnisikilize kwenye suala la wakati, mana hapa ndipo pana uchungu na sijaona mtu analiandika. Mwaka wa fedha wetu unaanza Julai 1. Bajeti inapitishwa na Baraza la Wawakilishi pale Chukwani mwezi wa sita, halafu mgao unaanza, barua zinatembea, na kila aliefanya kazi serikalini anajua pesa za maendeleo zinavochelewa kushuka, ukizipata mwezi wa kumi umeshukuru. Karafuu haijui mwaka wa fedha. Mchumo mkuu unakwenda na vuli, na ukinunua mabati mwezi wa kumi na moja ukafunga mashine mwezi wa kwanza, majamvi yashakunjwa, umejenga kikaushio na hapana cha kukausha. Unasubiri mwakani, na mwakani mikarafuu inapumzika! Kwa sababu mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, una mwaka wake mkubwa kisha miaka ya uhaba, na mkubwa mmoja mpaka mwengine inaweza kufika miaka minne. Mradi wa miaka mitatu unaweza kuanza na kwisha bila ya kuuona mchumo mkubwa hata mmoja. Hii si nadharia, sisi tulibahatika tu wetu uliangukia mwaka wa tatu, ungeangukia wa nne tungeandika ripoti ya kikaushio kilichojaribiwa kwa karafuu za kuokota.

Ndo mana nasema mpango mkakati wa uhandisi Pemba hauwezi kuwa wa miaka mitatu na hauwezi kufuata kalenda ya mfadhili. Inabidi ufuate mkarafuu. Pesa iwe imeshashuka mwezi wa nne wa tano ili masika ikiisha fundi anachomelea, mwezi wa nane mashine ipo shamba, vuli inaikuta imesimama. Mtu wa mipango akiniambia hilo haliwezekani kwa taratibu za fedha mimi ntamuomba tukae tuzisome hizo taratibu pamoja, mana mfuko maalumu unaobeba salio lake kutoka mwaka mmoja wa fedha kwenda mwengine si kitu kigeni duniani.

Mwani nao ni hivo hivo na pengine zaidi. Kilimo cha mwani kama biashara kilianza 1989 upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, kikaenea mpaka Pemba, na waliokibeba mgongoni ni wanawake. Aina ya kotonii inayolipa bei nzuri ikaanza kufa kwa joto la maji ya kina kifupi, wakulima wakabaki na spinosamu ya bei ya chini. Dokta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari akawa miongoni mwa waliosimama na suala hili kwa miaka na miaka, wakajaribu neti ndefu za mfano wa bomba, unapanda kotonii kwenye maji ya kina ambako joto halifiki vile. Wazo zuri na likaonesha linawezekana. Lakini maji ya kina yanataka boti, yanataka mtu anaejua kuogelea, yanataka nanga isiyong'oka pepo zikibadilika, na mama aliezoea kutembea kwa miguu maji yakitoka wakati wa bamvua humwambii tu sasa nenda kwenye kina. Hapo ndipo pesa ya pili inapotakiwa, tena ni pesa ya mhandisi zaidi kuliko ya mtaalamu wa viumbe, boti ya aina gani ndogo, nyepesi, ya bei ya kikundi, itakayobeba mwani mbichi unaochuruzika maji bila ya kupinduka. Swali hili kwangu mimi ni zuri kuliko mengi yanayotangaziwa ruzuku za mamilioni, na lingekaa vizuri kwenye ukurasa wa mwanzo wa mpango mkakati wa taasisi yoyote inayosema ipo kwa ajili ya uchumi wa buluu.

Umeme sitoukalia sana, kila mtu Unguja anakumbuka. Waya wa chini ya bahari wa mwanzo ulilazwa 1980, na kuanzia Disemba 10, 2009 kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu. Baadae tukajengewa waya mpya wa megawati 100 kwa pesa za Marekani, ukakamilika 2013, na Pemba ilishapata wake kutoka Tanga 2010 kwa msaada wa Norway. Tulipata nyaya mbili na tunashukuru. Ila katika mamilioni yote yale ya dola sikuona hata fungu dogo la kuiweka timu ya wahandisi wetu wenyewe wakae kila mwaka kuusoma mtandao wetu, chumvi inafanya nini kwenye vikombe vya nguzo za pwani, mzigo wa mahoteli unapanda saa ngapi, transfoma zipi zinakufa mapema na kwa nini. Ruzuku ya namna hii ni ndogo sana mbele ya bei ya jenereta tulizonunua miezi mitatu ile.

Kwa hiyo mimi nataka nini? Nataka mfuko mdogo wa uhandisi wa Zanzibar ambao unatangazwa kila mwaka bila ya kukosa, hata ukiwa mdogo kiasi gani. Bora mfuko wa milioni 200 unaotoka miaka kumi mfululizo kuliko bilioni 2 ya mara moja inayokwisha kwenye magari. Hatua ya kwanza ruzuku ndogo, milioni 10 au 15, miezi tisa, onesha kinawezekana. Hatua ya pili mara tano ya hapo, miaka miwili mpaka minne kwa kufuata kitu chenyewe, karafuu inataka minne, na sharti liwe moja tu la msingi: kitu kitumike misimu miwili na mkulima au fundi asiyelipwa na mradi. Akikiacha aseme kwa nini amekiacha, na sababu yake iandikwe kwenye ripoti kwa maneno yake, na mtafiti asiadhibiwe kwa hilo. Tukimuadhibu anaesema kimeshindwa tutaendelea kusoma ripoti za mafanikio mpaka tuzeeke.

Pesa itoke wapi? Karafuu inanunuliwa na shirika moja la serikali, ZSTC, kwa hiyo hesabu yake si ngumu. Tukitenga shilingi 50 tu kwa kila kilo inayosafirishwa, kila tani 1,000 inaingiza milioni 50, na isikatwe kwa mkulima, itoke upande wa mauzo ya nje. Mwaka wa mchumo mkubwa mfuko unajaa, mwaka wa uhaba unatumia salio, na hapo kalenda ya pesa na kalenda ya mkarafuu zitakuwa zimeoana. Wakikubali wenye mwani na wenye mahoteli nao watie chao, lakini tusiwasubiri wao ndo tuanze.

Lipo jambo gumu na nalisema kwa heshima zote. Kisiwani sote ndugu. Ukiniletea andiko nilisome kuna uwezekano mkubwa mwandishi wake ni mwanafunzi wangu, au jirani, au tumeoleana, na nikimnyima tutaonana msikitini Ijumaa. Ule utaratibu wa wasomaji watatu wa nje kwetu lazma uwe wa nje kweli kweli, mmoja Arusha, mmoja Mombasa, mmoja Dar au hata Chennai, na jina la mwandishi lifichwe. Lile la faida kwa jamii ndo lisomwe hapa hapa, na walisome watu wa shamba, mkulima wa Mtambwe na mama wa Jambiani wakae kwenye kiti cha kuamua wakiwa na kura kamili na posho ile ile ya daktari wa falsafa. Mkulima yule angeuona mlango wetu kwenye mchoro kabla hatujakata bomba la kwanza. Nina hakika na hilo kwa sababu alivouona tu siku tuliyoufunga aliunyamazia, akautazama, akautazama tena, kisha akamuita mke wake apite na pakacha.

Na vijana tunao. Tokea 2023 ipo kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, pale Bweleo, ya kwanza ya IIT nje ya India, wanasoma sayansi ya data na hiyo akili mnemba, KIST inatoa mafundi sanifu kila mwaka, SUZA nayo. Kijana wa Bweleo anaeweza kuandika programu ya kubashiri unyevu hajawahi kuingia kwenye shamba la karafuu, na kijana wa KIST anaejua kuchomelea hana kompyuta ya kutosha, na wote wawili hawana pahala pa kukutana pasipokuwa semina. Ruzuku ya hatua ya kwanza iwatake waombe pamoja. Si kwa ajili ya kupendeza, ila kikaushio kinachojua saa ngapi kiwashe feni na saa ngapi kihifadhi betri kinawahitaji wote wawili, joto likizidi mafuta ya karafuu yanaruka, likipungua zinavunda, na sisi tulikuwa tunakwenda kwa kukisia tu kwa mkono.

Sehemu moja ya mfuko, tuseme robo, ibaki wazi bila ya mada. Mpango mkakati mzuri unakubali kwamba walioandika hawakuona kila kitu, na anaweza kutokea mtu wa Kojani na wazo la jahazi ambalo hakuna kamati ingelifikiria. Hii robo watu wa mipango hawaipendi kwa sababu haina kiashiria, naelewa, lakini waiache.

Kuhusu kununua vifaa sitaki kurefusha, ila feni ya laki mbili isiombwe kwa utaratibu ule ule wa kununulia gari. Mtafiti apewe kiwango anachonunua mwenyewe dukani akaleta risiti, na kifaa kinachopita bandari ya Dar kisha ya Malindi hapa Unguja kisikae kusubiri karatasi mpaka vuli ikapita.

Kila mwaka taasisi zinajipanga kwa mwaka ujao wa fedha, makadirio yanakusanywa miezi ya mwanzo wa mwaka kabla hayajafika kwa wajumbe wa Baraza. Likishapita hilo dirisha ni mpaka mwaka mwengine. Kwa hiyo anaeshika kalamu kwenye wizara au taasisi yoyote inayohusika na haya, iwe ya viwanda, ya elimu au ya kilimo, naomba aandike kasma moja tu mpya, "majaribio na marekebisho ya teknolojia, hatua ya pili", atie tarakimu yoyote isiyokuwa sifuri, na ailete Pemba mapema. Michoro ya mlango mpana ninayo, nimeshaipima kwa pakacha.